DAWA YA PRESHA HAIACHWI UKIPATA NAFUU



Leo tunazungumza habari ya presha. Si neno geni kwetu. Ukisimama Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, utalisikia. Ukikaa sokoni Njombe kwa wauza viazi, utalisikia. "Mama amelazwa, presha imepanda." "Jirani ameanguka shambani, ni presha." "Yule mzee ana moyo mpana." Maneno haya tunayasema kila siku. Lakini hebu tuulizane: presha ni kitu gani? Na moyo unapanukaje? Hapo wengi wetu tunanyamaza.

Liko na neno jingine tunalolisikia sana: "Ah, mimi dawa za presha niliacha. Nilipata nafuu." Neno hili ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Limewalaza watu wengi kitandani, na wengine halikuwaacha hai. Wanaolisema si wajinga. Kwa malaria tumezoea kumaliza dozi, tukapona, tukaendelea na kazi. Kwa nini presha iwe tofauti? Jibu liko ndani ya mwili, kwenye kitu kidogo sana kinachofanana na kitasa cha mlango. Tutakwenda polepole mpaka tukifikie.

PRESHA NI NINI?

Moyo ni pampu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi. Kila unapopiga, husukuma damu iingie kwenye mishipa. Damu ikisukumwa hukandamiza kuta za mishipa. Kule kukandamiza ndiko presha. Katika vitabu huitwa shinikizo la damu. Basi kila aliye hai ana presha. Ubaya ni presha kuwa kubwa mno.

Fikiri mpira wa kumwagilia bustani. Ukiubana kwa kidole, maji huruka mbali na mpira hukakamaa. Ukifungulia maji mengi zaidi, mpira hukakamaa vile vile. Kumbe mambo mawili hupandisha presha. La kwanza, mishipa kubana. La pili, maji kuzidi ndani ya mishipa. Tuyashike haya mawili, tutayahitaji mbele.

Mganga akikufunga mkanda mkononi, hupata namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Namba ya chini ni wakati moyo unapumzika kidogo. Vizuri ni kama 120 kwa 80. Ikifika 140 au zaidi juu, au 90 au zaidi chini, na ikawa hivyo siku zaidi ya moja, mganga husema una presha. Kipimo cha mara moja huweza kudanganya. Labda umepanda kilima mbio, au umetoka kugombana. Kaa kwanza, pumzika dakika 5, ndipo upimwe.

MOYO UNAPANUKAJE?

Mtu anayeshika jembe kila siku, mikono yake hujaa misuli. Moyo nao ni msuli. Mishipa ikibana, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ukifanya hivyo miaka mingi, nyama yake hunenepa. Mtu anaweza kudhani ni jambo jema. Si jema. Nyama ikinenepa huwa ngumu, na nafasi ya damu ndani ya moyo hupungua. Baadaye moyo unachoka. Unalegea na kutanuka, kama gunia lililojazwa kupita kiasi mara nyingi. Huo ndio moyo mpana.

Moyo uliolegea hausukumi damu vizuri. Maji hubaki nyuma. Miguu inavimba. Maji yanaingia mapafuni. Mtu anakosa pumzi akipanda kilima kidogo. Usiku hawezi kulala chali, anaongeza mito, mwisho analala amekaa.

Hapo tunaanza kutafuta mchawi. Lakini tazameni jambo hili. Mwaka 2012 na 2013, madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliwachunguza wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa inashindwa kazi. Katika kila wagonjwa 100, wagonjwa 45 chanzo chao kilikuwa presha. Karibu nusu! Presha hiyo ingeweza kupimwa kwa mkanda miaka mingi kabla.

UFUNGUO NA KITASA

Sasa tuingie ndani zaidi. Nani anayeiambia mishipa ibane?

Mwili una matarishi wake. Matarishi hao huitwa homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa sehemu moja ya mwili, kinasafiri na damu, kinapeleka agizo sehemu nyingine. Homoni tunayoizungumzia leo inaitwa anjiotensini. Imeundwa kwa vipande 8 vya jamii ya protini, vimeshikana kama shanga 8 katika uzi mmoja. Ni ndogo mno, hakuna jicho la kuiona.

Lakini tarishi hawezi kuingia nyumba iliyofungwa. Lazima awe na ufunguo, na mlango uwe na kitasa. Kwenye misuli ya mishipa ya damu kuna vitasa vidogo sana. Kwenye moyo vipo. Kwenye figo vipo. Wataalamu huviita vipokezi, kwa sababu hupokea agizo la homoni. Sisi tuviite vitasa, tutaelewana vizuri. Anjiotensini ni ufunguo wa kitasa hicho. Ikiingia na kuzunguka, mlango unafunguka, na mambo matatu hutokea.

Kwanza, mishipa ya damu hubana. Hicho ni kile kidole juu ya mpira.

Pili, tezi ndogo iliyokaa juu ya figo hutoa homoni nyingine, iitwayo aldosteroni. Hii huiambia figo: "Shika chumvi, usiiache itoke na mkojo." Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki. Hayo ni yale maji mengi ndani ya mpira.

Tatu, moyo wenyewe huambiwa unenepe. Tena ndani ya nyama yake hutokea makovu magumu. Kumbe kitasa hiki huuharibu moyo kwa njia mbili. Huuchosha kwa kupandisha presha, na huunenepesha kwa agizo lake chenyewe.

Si mnaona? Mambo yale mawili ya mpira, na la tatu juu yake, yote yanatoka kwenye kitasa kimoja.

UFUNGUO UNACHONGWA WAPI?

Ufunguo huu hautoki sehemu moja. Ini hutoa chuma kirefu ambacho bado hakijachongwa. Figo hutuma fundi wa kwanza, jina lake renini. Huyu hukata kile chuma, kinabaki kipande cha shanga 10. Damu ikipita mapafuni, fundi wa pili hukata shanga 2. Zinabaki 8. Hapo ufunguo umekamilika, unaingia kitasani.

Mtu atauliza: kwa nini mwili ujitengenezee ufunguo wa kujiumiza? Jibu ni kwamba ufunguo huu ni wa kutuokoa. Chukua mfano wa mpasua mbao aliyejikata mguu kwa shoka huko msituni. Damu inamwagika. Figo zinaona damu inayofika ni kidogo. Mara moja zinamtuma renini. Ufunguo unachongwa, mishipa inabana, chumvi na maji vinashikwa. Mtu anapata nafasi ya kufikishwa hospitali akiwa hai. Ndivyo ilivyo hata kwa mtu anayeharisha sana.

Shida huja pale vitasa vinapozungushwa mchana na usiku, miaka na miaka, wakati hakuna damu iliyomwagika wala aliyeharisha. Ni kama kengele ya hatari inayolia kijijini kila siku bila moto wowote. Mwisho kijiji kizima kinachoka.

WALIOKITAFUTA KITASA

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1898, Robert Tigerstedt na Per Bergman, katika mji wa Stockholm, Uswidi, walitoa maji ya figo za sungura wakawachoma sungura wengine. Presha ikapanda. Kitu kilichoipandisha wakakiita renini.

Mwaka 1939 na 1940, vikundi viwili viliugundua ufunguo wenyewe, kila kimoja kwa njia yake. Kimoja kilikuwa Argentina, kikiwa na Eduardo Braun Menéndez. Kingine kilikuwa Marekani, kikiwa na Irvine Page. Kila kikundi kiliupa ufunguo jina lake. Mwaka 1958 walikubaliana, wakachukua nusu ya jina hili na nusu ya lile. Ndipo tukapata jina moja: anjiotensini.

Ajabu zaidi, dawa ilitokana na nyoka. Huko Brazil kuna nyoka mwenye sumu aitwaye jararaca. Akimwuma mtu, presha huanguka. Mwaka 1965, Mbrazili Sérgio Ferreira alieleza kitu alichokipata katika sumu hiyo. Baadaye ilionekana kwamba sumu hiyo humzuia yule fundi wa pili, anayemalizia ufunguo. Wataalamu wa Marekani wakatengeneza kidonge kinachofanya kazi hiyo bila sumu. Kidonge hicho ni kaptopri, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ndugu yake ni enalapri.

Je, vinasaidia moyo uliokwisha kuchoka? Mwaka 1987 yalitolewa majibu ya jaribio lililofanywa Uswidi, Norwei na Ufini kwa wagonjwa 253 ambao mioyo yao ilikuwa taabani. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, katika kila 100 walikufa 44 ndani ya miezi 6. Waliopewa enalapri walikufa 26. Bado ni wengi, lakini tofauti ni kubwa.

Mwaka 1995 Marekani iliruhusu dawa ya namna nyingine, losatani. Hii haimgusi fundi. Inakwenda moja kwa moja kwenye kitasa.

DAWA INAFANYAJE KAZI?

Sote tumeona watoto watundu wakichomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu la kufuli. Mwenye nyumba akirudi na ufunguo wake, hauingii. Losatani ni njiti hiyo. Inakaa kwenye tundu la kitasa. Anjiotensini inakuja, inakuta tundu limejaa, inapita. Mishipa inalegea. Chumvi inatoka na mkojo. Moyo unapumua.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye shabaha ya makala hii.

Njiti haikai milele. Mwili huisafisha dawa na kuitoa. Kidonge cha losatani hufanya kazi siku moja hivi. Kaptopri hudumu saa chache tu, ndiyo maana humezwa zaidi ya mara moja kwa siku. Dawa ikishatoka, kitasa kiko pale pale. Hakikuvunjwa. Mafundi wanaendelea kuchonga. Ufunguo unaingia tena, na presha inarudi palepale ilipokuwa.

Malaria ni mgeni aliyeingia mwilini. Dawa ikishamwua, kazi imekwisha. Lakini kitasa ni sehemu ya nyumba yenyewe. Mtu aliyesimama chini ya mwavuli katika mvua ya Njombe halowi. Je, aseme, "Nimekauka, naufunga mwavuli"? Amekauka kwa sababu ya mwavuli! Na wewe umepata nafuu kwa sababu ya dawa.

Tena "nafuu" ya presha hudanganya. Presha kubwa mara nyingi haiumi kabisa. Mtu ana 180 kwa 110, analima ekari yake, anaimba. Siku moja anapooza upande mmoja. Kwa hiyo usijipime kwa kujisikia. Jipime kwa mkanda.

Watu wengine husema, "Ukianza dawa za presha ndiyo basi, hutoki. Bora usianze." Ndugu, kinachokufunga ni ugonjwa, dawa haikufungi. Wapo wanaopunguza chumvi na unene, presha ikashuka, mganga akawapunguzia dawa. Lakini anayepunguza ni mganga baada ya kupima. Wewe usijipunguzie nyumbani.

DAWA YA JIRANI SI YAKO

Wataalamu wameona kwamba kwa Waafrika wengi kaptopri au losatani ikitumika peke yake haishushi presha vya kutosha. Miili yetu mingi huishika sana chumvi. Mwaka 2019 yalitolewa majibu ya uchunguzi uliofanywa kwa watu 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Ilionekana kwamba presha hushuka vizuri zaidi kama katika dawa mbili za kuanzia imo amlodipini, dawa inayolegeza mishipa kwa njia nyingine. Kwa hiyo ukipewa dawa mbili usishangae. Na ukiona jirani ana kidonge tofauti, usibadilishane naye.

Yapo na mengine ya kumwambia mganga mapema:

1. Mama mwenye mimba, au anayetarajia kushika mimba, asitumie kaptopri, enalapri wala losatani. Humdhuru mtoto tumboni. Aseme, apewe dawa nyingine.

2. Kaptopri na enalapri huweza kuleta kikohozi kikavu. Usiache dawa kimyakimya. Nenda ukaseme. Mganga atakupima kifua, na anaweza kukubadilishia dawa.

3. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla baada ya kumeza dawa hizi, usimeze tena. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

4. Ukiharisha au kutapika sana, mwone mganga haraka. Wakati huo mwili unauhitaji ule ufunguo, nawe umeziba kitasa. Figo huweza kuumia.

5. Diklofenaki na dawa nyingine kama hizo za maumivu, tunazomeza baada ya kulima, hupandisha presha na kusumbua figo. Mwenye presha asijinunulie dukani bila kuuliza.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupime. Mtu mzima asingoje kuugua. Ukifika zahanati kwa jambo lolote, omba kufungwa mkanda. Andika namba zako mbili kwenye daftari, pamoja na tarehe. Sisi tunajua kusoma na kuandika sasa. Hapa ndipo kisomo kinapookoa maisha.

Pili, tupunguze chumvi. Mtu mzima anatakiwa kula chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofika ukingoni. Ni chumvi yote ya siku: ya maharage, ya mboga, na ile tunayochovyea viazi vya kuchemsha. Magadi ya kulainishia maharage nayo hupandisha presha. Loweka maharage usiku, yataiva bila magadi.

Tatu, pombe na sigara. Msimu wa ulanzi tunaujua. Pombe nyingi hupandisha presha, na mlevi husahau dawa. Sigara huharibu mishipa.

Nne, dawa zisikatike. Kabla vidonge havijaisha, panga safari ya kwenda kuchukua vingine. Fedha ikikosekana, usione haya. Mwambie mganga, "Dawa hii siimudu." Ziko dawa za zamani zenye bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Ukisahau kidonge, usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Tano, ishara za moyo kuchoka zisingoje. Miguu ikivimba au pumzi ikikatika ukilala, nenda kituoni. Kituo kikishindwa kitakuandikia rufaa. Mkoani kwetu ziko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, Kibena, Ilembula na Ikonda. Wenye matatizo makubwa hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini nauli ya Dar es Salaam, na ndugu wa kukusindikiza, na siku za shamba zinazopotea, ni gharama kubwa kuliko vidonge vya mwaka.

Na wewe uliyekwisha kuacha dawa, hatukulaumu. Usianze tena na vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini. Nenda wiki hii ukapimwe, sema kweli kwamba uliacha, uanze upya.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vilikaa, redio ikasikilizwa, kitabu kikasomwa, kisha watu wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tukimaliza kusoma ukurasa huu, tuondoke twende kupima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mambo gani mawili hupandisha presha? Eleza kwa mfano wa mpira wa maji.
2. Ufunguo ukiingia kwenye kitasa, mambo gani matatu hutokea mwilini?
3. Kwa nini dawa ya malaria huisha, lakini ya presha huendelea?
4. Katika kijiji chetu, nani aliacha dawa kwa kukosa nauli au fedha? Tunaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?
5. Nyumbani kwako pakiti moja ya chumvi hukaa siku ngapi? Hesabu kwa idadi ya walaji.